Funksheni ya Ndani

Damascène alisonya kwa nguvu hata wahudumu waliokuwa wakipita koridoni wakageuka.

"Nani ameandika hii takataka?"

Alijua ni nani. Ofisi ya kompyuta ya hoteli ile ya kando ya ziwa, Gisenyi, ilikuwa na watu wawili tu wa kuandika programu: yeye mkuu, na Mwiza, binti aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Goma. Damascène hakuwahi hata mara moja kumwita kwa jina.

"Ni mi, chef."

"Funksheni ndani ya funksheni! We kwenu munapikia ndani ya kabati?" Akabetua mdomo. "Hii ni methodi ya kuachisha mutu kazi. Ndani yake umeficha kafunksheni kengine, ka kufunga kompyuta yake na kadi yake ya mulango. Katoke inje, kakuwe methodi kama zingine."

"Nilikafungia makusudi, chef. Methodi inauliza kwanza watu ya komite. Wote wakikubali, ndiyo inakaita. Kakiwa inje, mutu atakaita bila kuuliza komite."

"Komite!" Damascène alicheka puani. Aliwajua wanakamati wote wa hoteli. Mmoja wao, Rugema, alikuwa shemeji yake, na hata huyo alimwona bwege tu, mtu wa kuvaa tai na kusinzia mikutanoni. "Ndiyo mambo munafundishwa kule?"

Damascène akakata mistari, akaibandika nje, akaifanya methodi kamili, amri inayoweza kuitwa na yeyote. Kisha akaiwekea kitufe kwenye ukurasa wa mkurugenzi na kumpigia simu aje aone kazi ya mtu aliyesoma.

Mukandutiye, mkurugenzi, alifika na tableti yake mkononi. Hakuketi.

"Bon. Nionyeshe."

"Ni rahisi, mama. Unaandika jina, unabonyeza. Imeisha."

"Na komite?"

"Komite ya nini tena? Hii sasa ni methodi ya kawaida."

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Ile komite imenichosha. Kuko mutu mumoja, nimepeleka jina lake mara nyingi. Wote wanakubali, isipokuwa mumoja."

Damascène alimtupia Mwiza jicho la pembeni. Moyo wake ulichangamka. Kumbe hata juu walikuwa wamemchoka!

"Mama," Mwiza akasema, "ile ya kuuliza komite, ni vizuri tuirudishe. Inalinda kila mutu..."

"Nyamaza!" Damascène akamkatiza. "Wakubwa wanaongea." Akamgeukia mkurugenzi kwa upole. "Huyo mutu anasumbua, mama?"

"Sana. Kila mwenye anafanya naye kazi analia."

"Donc, unangoja nini? Hoteli si nyumba ya kulea watoto. Jaribu sasa hivi, uone vile inafanya."

"Una hakika haitauliza mutu?"

"Haitauliza mutu yeyote, mama. Nimeitengeneza mi mwenyewe."

Mukandutiye aliandika jina polepole, herufi kwa herufi, akabonyeza.

Mwiza aliinamisha kichwa. Damascène akainuka, akanyoosha koti lake, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha binti yule ili aone vizuri kioo cha kompyuta yake kikizimika.

Kioo cha Mwiza kiliendelea kuwaka. Cha mezani kwa Damascène ndicho kilichokuwa cheusi.