Sufuria Inayosikiliza

Kifuniko cha sufuria ambayo shule humpa kila mtoto husikiliza. Hakifunguki mpaka jirani akubali kula, maana ndivyo watoto wanavyofundishwa kugawana.

Tunu alikuwa amepanda mchicha wake mwenyewe, akaupika kwa nazi katika sufuria yake ya shule, akaupeleka mlango wa pili, kwa Mzee Kheri.

"Shikamoo babu. Karibu chakula."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ahsante, nimeshiba," akajibu mzee kwa adabu aliyolelewa nayo.

Mlango wa tatu nao ulikuwa umeshiba, na wa nne. Tunu akarudi na sufuria yake, kifuniko bado hakijafunguka. Mama alikuwa ameshatandika mkeka.

Hodi ikabishwa. Alikuwa mjukuu wa Mzee Kheri, kakumbatia sufuria iliyofungwa, macho yamemlegea kwa njaa.

"Karibuni chakula."

Tumbo la Tunu likanguruma. Mama akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu. Tumeshakula."