Ngozi ya Ng'ombe wa Bartolomayo

Wajukuu, nitegulieni hiki: alikufa mwaka jana, na bado anabeba mtu.

Sikukuu ya Mtume Bartolomayo, anayeosha utumbo wa ng'ombe wa parokia hupewa ngozi. Mwaka jana aliosha mjane Skolastika, akanuka mavi siku tatu, na ngozi ya kulalia hakuiona. Leo wamemletea tena beseni.

"Kwanza, ngozi yangu iko wapi?"

Katekista Gaudensi alicheua, mafuta ya maini yakimchuruzika kidevuni. "Baadaye, mama. Mtume wetu alichunwa akiwa hai, wala hakulalamika."

Skolastika akatema mate, akauliza tena. Watu wakatafuna tu.

Mke wa katekista akasukuma sahani yake. "Inuka kitini, Baba Festo," akamwambia mumewe. "Umeikalia."