Tumbusi Ishirini na Watatu

Tumbusi wa kumi na tisa alikuwa bado na uhai. Alikaa chini ya mgunga, mabawa yamelegea, kichwa kinamwangukia kifuani kama mzee anayesinzia mkutanoni. Daktari wa mifugo alipiga magoti, akamshika shingo taratibu. Ndege alifumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba. Halikufumbuka tena.

"Andika," Daktari alimwambia afisa wa wanyamapori bila kugeuka. "Kumi na tisa."

Kufikia adhuhuri walikuwa ishirini na watatu.

Kazini walizoea kumtania. Daktari mzima, mwanamke mwenye akili zake, anawalilia wala mizoga! Lakini yeye aliwahesabu ndege hao kila mwaka tangu aajiriwe hapa, miaka tisa sasa, na aliwaandikia wakubwa barua mpaka wakamchoka. Tumbusi wanakwisha, aliwaambia. Mizoga inaoza, mbwa koko wanazaana. Mwaka wa kwanza alihesabu mia nne na ushee. Mwaka huu, kabla ya siku ile, hawakufika sitini.

Mzoga waliokula waliukuta bondeni, mwendo wa nusu saa, umebaki mifupa na kipande cha ngozi. Daktari aliitambua ile pembe iliyopinda. Alikuwa ng'ombe wa kaka yake.

Afisa alikuna kidevu. "Kuna kitu sikielewi. Ile dawa ya wadudu wanayomwagia mizoga inaua palepale. Huwa tunawaokota juu ya nyama. Hawa wamekula, wakaruka, wakakaa mtini siku mbili ndiyo wakafa."

"Labda waliweka kidogo."

Lakini kulikuwa na neno alilolikumbuka. Wiki mbili nyuma fisi waliua ndama wawili wa kaka yake, naye, amefura kwa hasira, alisema mbele ya mama yao: "Nitawatilia kitu, wafe wote na vizazi vyao!" Daktari alilitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi. Walipofika mlangoni pa ofisi, akalitema mbele ya afisa.

Kaka yake alikamatwa jioni ileile, akitolewa zizini na mikono yenye maziwa.

Kesho yake Daktari alikwenda kumwona mahabusu. Alijiandaa kutukanwa. Kaka mtu hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Nilisema, mdogo wangu, sikatai. Mdomo wangu unaujua. Lakini yule ng'ombe nimemlea tangu ndama. Umekuja kumtibu siku tatu mfululizo, umeniona nikilia kama mtoto. Ningetoka pale nikamwagie mwili wake sumu?"

"Uchungu unamfanyisha mtu mengi, Kaka."

"Haya. Mbwa wangu wanne walikula nyama ileile. Nenda nyumbani ukawaone. Wanabweka mpaka majirani wananuna."

Hakwenda. Alikuwa amepasua ndege watatu na kukuta maini na mioyo yao imefunikwa unga mweupe mfano wa chokaa, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu asomee kazi hii. Akajiambia kwamba sumu za siku hizi zina vituko vyake. Sampuli alikwishazituma maabara kuu. Karatasi ingesema yenyewe.

Mama yao hakumgombeza. Aliacha tu kumwita mwanangu. Alimwita Daktari, kama walivyomwita watu wengine, akamkaribisha kiti kwa adabu kama mgeni.

Kazi haikusimama kwa ajili ya msiba wa mtu. Wiki ile alipita zizi hadi zizi. Alimkuta fahali aliyevunjika mguu, hana tumaini, mwenye mali anangoja afe tu. Daktari alimdunga sindano ya maumivu, akachuchumaa karibu na sikio lake, akamnong'oneza na kumpapasa mpaka akaacha kutetemeka. Hilo ndilo watu walilompendea. Wengine huokoa dawa kwa wanaopona. Yeye hakukubali mnyama ateseke, hata yule anayekwenda kufa.

"Ana huruma, huyu," mwenye fahali alisema alipokuwa akiondoka.

Siku ya tisa afisa alikuja ofisini kwake na bahasha. Alivua kofia, akaketi bila kukaribishwa.

"Kaka yako anatoka leo."

Daktari alishusha pumzi, kisha akajishtukia. "Kwa hiyo sumu haikuonekana?"

"Hata chembe." Afisa alimsogezea karatasi, lakini macho yake aliyaelekeza dirishani. "Figo ndizo zilizokufa, ndiyo ule unga mweupe. Maabara wanasema ni dawa ya maumivu ya ng'ombe. Ng'ombe akifa bado anayo mwilini, mbwa haimfanyi kitu, fisi haimfanyi kitu. Tumbusi akionja kidogo tu, basi. Na wanasema hawa si wa kwanza. Wanataka orodha ya ng'ombe wote waliowahi kudungwa dawa hiyo wilayani."

Daktari aliisoma karatasi mpaka chini. Alisimama, akafungua kabati, akashusha madaftari ya matibabu mezani moja moja mpaka yakatimia tisa. Afisa alifunua la kwanza, akafunua la tano, akafunua la mwisho, akitafuta mwandiko wa mtu mwingine.