Mfereji Nyuma ya Makali

Kabla ya saa nne asubuhi Fundi alikuwa ameshinda kesi, na uso ukamshuka kama aliyefiwa.

Wakili alidhani hajasikia vizuri. Mashine ya kukereza chuma huua masikio, na Fundi alikuwa ameinamia yake miaka thelathini. Basi akairudia barua iliyotoka upande wa pili neno kwa neno, kwa sauti ya kumsomea kiziwi. Mwenye kiwanda amekubali yote. Kile kisu cha kukerezea, chenye mfereji mdogo nyuma ya makali, ni ubunifu wa Fundi. Hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo, iandikwe kwa jina la Fundi. Kiwanda hakitatengeneza hata kimoja tena. Sharti lake ni moja tu: asiitwe tena mbele ya baraza.

Miaka sita walikuwa wakiupigania mfereji huo, ambao hata ukucha hauingii vizuri. Kazi yake ni kuuvunjavunja utepe wa chuma unapotoka, usije ukamzonga mtu mkono. Mwenye kiwanda alijifunzia kazi kwenye mashine ya Fundi. Siku moja wakarushiana maneno, yale mazito yasiyorudi mdomoni, akaondoka na mchoro wa kisu kwapani. Majirani wakasema fahali wawili hawakai zizi moja. Tangu hapo simu za Fundi hazikupokelewa, salamu hazikujibiwa, na karakana ikabaki na mtu mmoja anayesema na mashine. Upweke ule ulimuuma, ila nani angemwambia?

Lakini wito wa baraza haukataliki. Kila baada ya miezi mitatu mwenye kiwanda alisafiri, akaketi benchi la upande wa pili, akaulizwa, akajibu. Yeye alimwita Fundi "mlalamikaji", bila kumtazama. Siku hizo Fundi aliamka mapema mno, akasugua grisi kwenye kucha mpaka vidole vikawasha, akavaa nguo nzuri kuliko zote, akawahi mlangoni kabla hata ya mfagiaji. Wakili alizoea kumtania kwamba wenzake huja kwenye kesi, yeye anakuja harusini.

Leo utani haukuwepo. Fundi aliirudisha barua upande wa pili wa meza, akasema hasaini. Wakili akamsihi. Hakuna baraza litakalompa zaidi ya hapo, akamwambia, na mtaka yote hukosa yote. Fundi akauliza kama pembe ya mfereji imetajwa humo. Haikutajwa. Basi tupinge hapohapo, akasema, ni digrii saba, na yeye aje aeleze alipima ngapi.

Wakili akavua miwani. Mambo ya kisu aliyajua yote mpaka nukta. Ya nyumbani Fundi hakuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza.

"Hiyo haitusaidii kitu," akasema taratibu. "Kila ulichoomba umepewa. Unataka nini tena?"

"Tarehe nyingine," Fundi akasema. "Nilimnyonyesha miaka miwili yule. Sasa namwona nusu saa tu, na mpaka nimshtaki."