Milimita Mbili

Mkaguzi alifunga kipimo chake. "Ukuta wa bomba hili una unene wa milimita arobaini na mbili, fundi. Jaribio lako la kuchomelea ulilifanya kwa kipande cha ishirini, na kanuni inaruhusu mara mbili yake tu. Arobaini."

Damu ilimpanda Sikujua, aliyechomelea mabomba ya mji huo miaka kumi na tisa. "Watu hawana maji wiki ya tatu, nawe unanikatalia kwa milimita mbili?"

"Likipasuka je?"

Sikujua akasonya. Akashusha barakoa, akachomelea kipande kipya cha majaribio, kinene kuliko cha kwanza, mpaka mgongo ukamuuma. Kilipopoa wakakata ukanda wenye mshono, wakautia kwenye mashine ya kupindia. Ukaanza kujikunja taratibu, nao wote wawili wakainama, wakiukodolea macho mshono waone kama utapasuka.