Madoa ya Shomari

Asubuhi ya arobaini, sura ya Shomari ilifutika kwenye skrini zote za nyumbani, kama sheria ilivyotaka kwa kila marehemu. Mjane wake, Riziki, hakushtuka. Alikuwa akingoja picha moja ya karatasi, iliyopigwa kwa filamu ya kamera, ambayo sheria haikuifuta. Kila nyumba iliruhusiwa moja tu.

Shomari alipokuwa bado anaweza kuketi, Riziki na wifi yake Sauda, mpiga picha, walichagua pamoja kila kitu cha kupigia picha hiyo: lenzi ndefu isiyoikuza pua, filamu ya nyeusi na nyeupe, pana kama ukurasa wa kitabu, na kichujio, kioo cha kijani cha kuweka mbele ya lenzi, ili madoa ya kahawia kwenye shavu lake moja yakolee.

Sasa Sauda aliileta picha ikiwa imefungwa kwa khanga. Riziki akaifungua. Uso wote ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Wifi, madoa yako wapi?"

"Niliweka kichujio chekundu. Kinayafifisha."

"Tulikubaliana cha kijani."

"Nilikuitikia tu ili uache kunisumbua. Tangu utotoni watu walimcheka kaka yangu kwa madoa yale. Nimemsitiri."

"Unamsitiri kwangu? Mimi niliyekuwa nikiyabusu?"

Sauda alifunga mkoba wa lenzi zake, akaondoka bila kuaga.

Riziki akaitundika picha juu ya kiti cha mumewe, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Akanyoosha kidole ayaguse madoa pale yalipokuwa. Kidole kikasimama katikati ya mashavu mawili, hakijui kiende kulia au kushoto.