Miwani na Sweta la Njano

Karani alikaa kwenye kiti cha mama yake, akavaa miwani, na papo hapo sebule yake mwenyewe ikampotea.

Miwani ilitoka kazini, kliniki ya macho, ambako yeye hukaa dirisha la mapokezi. Wafanyakazi wote walikuwa wamegawiwa, wakaambiwa waende nayo nyumbani wakaonje wanachokiona wagonjwa wao. Vioo vilitiwa ukungu katikati kama dirisha la bafuni. Mwanga ulipenya pembeni tu.

Alinyoosha mkono kutafuta kikombe, akakisukuma. Chai ikammwagikia mapajani. Kikombe cha kahawia juu ya meza ya kahawia, nani angekiona? Miaka sita, tangu macho ya Mama yaanze kufifia, alikuwa akimrahisishia mambo madogo madogo: kutohamisha viti, kugonga meza akiweka kikombe, kufunga milango ya kabati. Aliyafanya kwa mazoea, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Leo ndiyo kwanza alijua uzito wake.

Kisha akageuka mlangoni. Chumba kizima kilikuwa na kitu kimoja tu kinachoonekana: sweta la njano la mdogo wake, lililosahauliwa kwenye msumari. Liliwaka kama taa. Akajitazama na yeye, na gauni lake la kijivu. Hakujiona.

"Kumbe," akasema peke yake, na wivu aliokuwa ameufunika siku zote ukafumuka.

Huyo mdogo wake, Kitinda, waliyemwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuja Jumamosi tu, kwa saa moja au mbili, na nywele mpya na maneno matamu. Mama hakuisha kumsifu. Umependeza, mwanangu. Ukija nyumba inachangamka. Karani, anayemkata Mama kucha na kumtia dawa ya matone asubuhi na jioni, huambiwa chai imepoa. Tena mama na mtoto wake huyo hunong'ona. Karani akiingia na sinia, kimya.

Sasa Kitinda alitaka kumchukua Mama akaishi kwake moja kwa moja. Mama aliahidi kutoa jibu kesho, Jumapili. "Mimi sina neno," karani alikuwa amesema. Uongo mtupu.

Simu ikaita. Alikuwa Kitinda mwenyewe.

"Dada, leo siji, nimebanwa. Nitakuja kesho. Utamwambia Mama?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alivua miwani, akavaa sweta. Mikono ilimwishia juu ya viganja. Ndala nazo akavua, maana macho ya Mama yalikuwa yamebakiwa na rangi kali tu, lakini masikio hayakuwa na kasoro, na humjua mtu kwa miguu yake. Akafungua mlango wa mbele na kuufunga kwa kishindo, kama mtu anayeingia.

Mama akatoka chumbani akipapasa ukuta, akakaa kitini pake. Uso akauelekeza kwenye ile njano.

"Kitinda? Umefika?"

"Mm."

"Dada yako yuko wapi?"

"Dukani," karani akanong'ona, sauti akiikondesha. Ili asizungumze zaidi, akamimina chai, akaiweka mezani, ko-ko, akaketi mbali kidogo.

Mama akakishika kikombe bila kupapasa. Akatabasamu.

"Afadhali hayupo. Umenong'ona nami miezi yote hii, leo jibu lako hili hapa."

Karani akashika ukingo wa kiti. Akatamani kuziba masikio, na akatamani Mama aseme upesi.

"Siendi kwako. Usinune. Nakusifu kwa kuwa wewe ni mgeni, na mgeni husifiwa hata akizidisha chumvi. Dada yako simsifu. Nani husifu mkono wake mwenyewe? Anautumia tu, na ukimuuma ndipo anakumbuka kwamba anao. Hapo nimekosa, tena sana."

Akapiga funda la chai.

"Najua anakuonea wivu. Nausikia kwenye sahani anavyoziosha ukishaondoka. Ningemwambia mwenyewe ana kwa ana, ila ningeanza kulia, naye angekimbilia kitambaa badala ya kunisikiliza. Kwa hiyo nakwambia wewe. Bila yule, mwanangu, mimi ningekuwa kipofu."

Karani aliuma pindo la sweta. Machozi yalimshuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alishukuru kwamba Mama haoni. Miaka sita ya kuhesabu sifa za mwenziwe, na zake zote zilikuwa zimewekwa mahali pamoja.

"Umenielewa?"

"Mm."

Mama akamaliza chai hadi tone la mwisho, akarudisha kikombe mezani, akajinyoosha kitini.

"Haya, basi. Hilo sweta lirudishe msumarini kabla mwenyewe hajaja kulitafuta," akasema. "Na siku nyingine ukitaka kuwa mdogo wako, usigonge meza."